Majibu Yale Yalikuwa Yangu

Kama unasoma haya umekaa kwenye benchi la hospitali, na mkononi una karatasi ambayo mtu wa koti jeupe ameitazama mara moja akakwambia "hii siyo ya kwako, mama", usinyanyuke. Kaa hapo hapo. Foleni ipite, wewe kaa.

Naitwa Tabitha Pazi. Naishi Kongowe, hii ya Kibaha, siyo ile ya Dar ambayo kila nikiitaja watu wananiuliza kama nashukia Mbagala. Nina miaka ishirini na saba, mume mmoja, mtoto mmoja na figo moja. Nimeishia kidato cha nne, kwa hiyo usitegemee nikueleze figo inafanya kazi gani mwilini. Hayo waulize wao. Mimi nakueleza yaliyonikuta, kwa sababu nilipoyatafuta ya mtu mzima kama mimi sikuyapata popote. Nilipata ya watoto tu. Na siandiki kwa upole. Hasira ninayo mpaka leo, ndiyo iliyonifikisha hapa, nimeamua kuitunza.

Ilianza wakati wa vuli. Kazi yangu ni mizani, kwenye kiwanda cha chakula cha mifugo kule Zegereni. Magunia yanapita mbele yangu, napima, naandika, napitisha. Siku moja niliinama kuokota kalamu, nikahisi kitu ubavuni kushoto kinanisukuma kutoka ndani, kama mtu aliyekaa vibaya anajiweka sawa. Nikasimama, kikatulia. Nikaendelea na magunia.

Wiki mbili baadaye nilikojoa mkojo wa rangi ya chai iliyokolea. Nikaenda zahanati.

"Una UTI, mama."

Nchi hii ukienda zahanati umevunjika mguu utaambiwa una UTI. Nikapewa vidonge. Vikaisha, mkojo ukarudi vile vile. Nikapewa sindano, sasa ikawa UTI sugu. Mara ya tatu kijana wa dirisha la dawa akainama karibu na kuniuliza kama mume wangu ametulia.

"Ametulia kuliko wewe," nikamwambia, na foleni yote ikacheka. Mara ya nne nikapewa dawa zile zile za mwanzo, boksi tu ndilo lilibadilika.

Wakati huo tumbo likaanza kuchomoza. Upande mmoja. Nikitazama kwenye kioo naona kama nimeficha kikombe chini ya ngozi, mwezi uliofuata bakuli. Majirani wakaanza kunipongeza. Mama wa genge la mboga alinishika mkono kabisa: "Hongera Mama Doreen! Safari hii dume, tazama lilivyokaa pembeni." Doreen ndiye mwanangu, wakati huo ana miaka miwili na kitu. Nilipima mimba mara tatu. Hakuna. Nikarudi kuwaambia hakuna, wakanitazama kwa jicho la "haya, tunajua".

Mume wangu, Yohana, ni fundi umeme, mtu wa Singida, si msemaji. Jioni moja akaweka kijiko chini. "Mbona mimba nimeisikia gengeni?"

"Ingekuwa mimba ungeisikia hapa, Yohana."

"Sasa ni nini?"

"Kama ningejua ningekuwa nakula."

Kiangazi kikaingia. Nikamfunga Doreen mgongoni, nikaenda hospitali nikakaa mlangoni pa chumba cha utrasaundi. Sikuwa na karatasi ya kupimwa. Nesi akaniambia niende kwanza kwa daktari, nikamwambia kwa daktari nimeshakwenda mara nne, leo siondoki mpaka mtu atazame ndani. Labda aliniona nimechoka kupita kiasi, labda ni Doreen aliyekuwa analia. Nikaingizwa. Kijana wa mashine alikuwa anapiga soga na mwenzake huku ananipaka ile dawa ya baridi tumboni. Halafu akaacha soga. Akamwita mwenzake aje atazame.

"Mama, umekuja na nani?"

Ukiulizwa swali hilo, ujue.

Nilipewa rufaa kwenda hospitali kubwa ya Dar. Masika yalikuwa yamepamba moto nilipopasuliwa. Waliitoa figo ya kushoto pamoja na huo mzigo wake. Kwa asiyejua mambo yetu: kikishatolewa, ndugu wa mgonjwa anaitwa akipeleke maabara. Wewe bado umelala hujitambui, ndugu yako yuko nje na kiungo chako mkononi. Yohana alikuwa ameenda kutoa damu ya kurudishia ile niliyowekewa. Aliyekuwepo ni wifi yangu Neema, mdogo wake Yohana, binti wa miaka kumi na tisa aliyekuwa anakaa kwetu kunisaidia na mtoto. Akaambiwa atafute chombo chenye mfuniko. Alichokuwa nacho ni kindoo cheupe alicholetea uji wangu. Akaumwaga uji, akakiosha bombani. Wakaweka figo yangu humo, wakaimiminia dawa ya kuhifadhi, wakabandika fomu juu ya mfuniko, wakamwelekeza maabara moja huko mjini. Akaenda, kindoo mapajani.

Nimemchukia Neema miezi mingi kwa kilichotokea huko. Leo nikifikiria binti wa miaka kumi na tisa, mgeni wa jiji, amepakata kitu kile njia nzima, nasema wengi wangekiacha kituoni.

Nilikwenda kupona kwa mama yangu, Maneromango, Kisarawe. Mshono ulitoka chini ya mbavu ukashuka mpaka kitovuni. Siwezi kukohoa, siwezi kucheka, siwezi kumbeba Doreen. Mama alinikogesha kama alivyonikogesha nikiwa mchanga, anaimba nyimbo za kwaya ya kanisani kwa sauti ya chini ili asilie. Na kila Jumatatu napiga simu.

"Majibu bado, mama."

Waliniambia wiki tatu. Wiki ya sita, bado. Mama anasema, "Lingekuwa jambo baya wangeshakupigia." Wiki ya tisa mvua zimekatika, upepo wa baridi umeanza, nimekaa uani namenya mihogo, simu ikaita yenyewe.

"Habari. Naongea na mama yake Doreen?"

"Ndiyo."

"Majibu ya mtoto yametoka. Uje naye kesho asubuhi, wodi ya watoto. Usikose."

"Majibu gani ya mtoto?"

"Daktari atakueleza, mama." Akakata.

Nilijua vizuri kabisa kwamba Doreen hajawahi kupimwa kitu zaidi ya uzito wa kliniki. Hajapasuliwa hata jipu. Nilijua. Lakini hofu haiulizi unajua nini. Nilimvua nguo pale pale mkekani, nikaanza kumbonyeza tumbo, kushoto, kulia, kushoto. Mwanzoni alicheka akidhani namtekenya. Nikaendelea mpaka akalia. Mama ndiye aliyenitoa mikono.

Kesho yake tukaenda watatu, mimi, mama na Doreen. Wodi ya watoto imechorwa twiga na tembo ukutani, na chini ya twiga wamekaa akina mama ambao hawaongei. Daktari alikuwa mwanamke mfupi, ana miwani ameipandisha kichwani, wanamwita Dokta Salome. Akasoma karatasi, akaniambia nimlaze mtoto. Akapandisha gauni. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akamgeuza.

"Kovu liko wapi?"

"Kovu la nani, dokta?"

"La mtoto. Ameshatolewa figo ya kushoto, imeandikwa hapa."

Nilisimama nikapandisha blauzi yangu mpaka juu, mlango uko wazi, akina mama wanatazama, baba mmoja kaganda na chupa ya chai mkononi.

"Hili hapa."

"Funika, mwanangu," mama akaninong'oneza. "Watu."

"Waone!"

Dokta Salome alishusha miwani machoni. Akanitazama kovu, akasoma karatasi upya, kwa kidole, mstari kwa mstari. Karatasi ilisema: Doreen Yohana, miaka miwili na nusu. Na chini ilisema jina refu la uvimbe wa figo, ule ambao wenyewe wanaujua kuwa ni wa watoto wadogo. Akanifungia mlango. Akasema taratibu, "Mama Doreen, huu kwa mtu mzima nimeusoma kitabuni tu. Sijawahi kumwona mwenye nao. Ama majibu haya ni ya mtoto mwingine, ama ni ya kwako. Na kama ni ya kwako, ulitakiwa uwe umeshaanza dawa wiki nyingi zilizopita."

Pale pale nikampigia Neema. Akaanza kulia kabla sijamaliza swali. Fomu ya juu ya mfuniko ilikuwa imelowa ile dawa, wino umetapakaa. Dada wa dirishani akamuuliza, jina la mgonjwa?

"Nikasema Mama Doreen, wifi."

"Halafu?"

"Akauliza, Doreen nani? Nikasema Doreen Yohana. Akauliza, Doreen ana miaka mingapi? Nikasema miwili na nusu."

"Neema! Jina langu unalijua?"

Akapenga kamasi.

"Neema, mimi naitwa nani?"

"Tabitha," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la mkubwa bila ruhusa.

Ndiyo hivyo. Kwetu ukishazaa unaitwa kwa mtoto wako. Ni heshima. Mume anakuita hivyo, mawifi, majirani, mpaka mama yangu aliyenichagulia Tabitha. Mimi mwenyewe nilikuwa napokea simu nasema "Mama Doreen hapa". Na yule dada wa dirishani, kwa kuwa ni kawaida mama kuleta kipimo cha mwanawe, "mama" akaitoa, akamwandika mtoto.

Ungedhani sasa mambo yatanyooka. Tukaenda kwa daktari aliyenipasua. Mtu mzima, mstaarabu, mikono yake ndiyo iliyonitoa mzigo ule na sijasahau. Akaisoma karatasi akaiweka pembeni.

"Hii siyo ya kwako. Huu ni ugonjwa wa watoto. Maabara wamechanganya, ya kwako yamepotea. Lakini usiwe na wasiwasi, nilikufungua mwenyewe, nilitoa chote. Kwa umri wako ni ule wa kawaida wa watu wazima, na ule ukishatolewa vizuri tunakaa tunaangalia. Nenda nyumbani, rudi baada ya miezi sita."

"Shikamoo daktari," nikasema, maana nilikuwa sijamwamkia kwa haraka zangu. "Na huyo mtoto mwenye majibu haya, yuko wapi? Mbona hakuna mama mwingine aliyepigiwa simu?"

"Watamtafuta."

"Na aliyetolewa figo ya kushoto ni nani?"

"Mama Doreen, umechoka. Nenda kapumzike."

Mama yangu alipiga magoti nje ya mlango akamshukuru Mungu. Nami sikumzuia. Nyumbani Kongowe Yohana alinipokea kwa tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu kiangazi, mama alishampigia. Nilipomwambia kesho naenda maabara, tabasamu likafa.

"Daktari mwenye mvi zake kasema umepona. Unataka nini tena?"

"Nataka karatasi yenye jina langu."

"Unatafuta ugonjwa, Mama Doreen. Watu wanakimbia kansa, wewe unaifuata mjini."

Nikamjibu neno ambalo siliandiki hapa kwa sababu Doreen atajifunza kusoma. Akatoka. Hakunisemesha siku mbili. Sikumlaumu sana, hata wakati ule. Mtu aliyelala kwenye majani ya hospitali wiki tatu, akiambiwa imekwisha anataka iishe. Lakini hesabu yangu ilikuwa rahisi: nikikubali kupona kwa mdomo, na karatasi ile ni ya kwangu, basi hiyo miezi sita nitaimalizia kaburini huku kila mtu ananipongeza.

Nilikwenda na Neema. Dada wa dirishani alikuwa yule yule.

"Dada, majibu yakishatoka yametoka. Kama kuna tatizo hospitali yenu iandike barua."

"Nitakaa hapa inaandikwa."

"Unazuia wenzako."

"Wenzangu wapite. Mimi nimekaa."

Nikakaa sakafuni chini ya dirisha. Mchana ukafika. Wapita njia wakawa wananiruka. Mwishowe akatoka mzee mmoja mwenye koti limechakaa viwiko, akaniuliza nina shida gani, nikampa karatasi. Nikamwonyesha mstari ulioandikwa uzito wa kile kitu: kilo mbili na ushee.

"Mzee wangu, mimi kazi yangu mizani. Mwanangu ana kilo kumi na mbili. Huu mzigo ungekaa wapi?"

Akatikisa kichwa. "Watoto huja na matumbo makubwa sana, mama. Nimeyaona. Uzito peke yake hausemi kitu."

Hapo nguvu ziliniisha kidogo, nakiri. Nikamuuliza, "Kile kindoo mlikitupa?"

"Vyombo huwa tunateketeza baada ya muda. Tulitakiwa tuwe tumeshateketeza." Akakuna shingo. "Mashine ya kuteketezea ni mbovu tangu Pasaka."

Nikasimama. "Naomba nikione."

Nina ugonjwa wa kazi: kila chombo changu nyumbani nimekiandika uzito wake mtupu kwa kalamu ya wino mzito, chini kwenye kitako. Neema anajua, hunicheka. Mzee alituacha tusimame mlangoni pa stoo yenye harufu inayochoma macho, rafu mpaka darini, makopo, chupa, vindoo. Akakitoa cheupe chenye karatasi ya "Doreen Yohana". Akakiinua juu ya usawa wa kichwa, nikainama nikasoma kitakoni, maandishi yangu mwenyewe: "tupu 0.46".

"Wifi," Neema akasema, akashika ukuta.

Mzee akakishusha. Akakibeba ndani kwa mtaalamu wao anayetazama vinyama kwa hadubini. Tulisubiri mpaka ofisi zinafungwa. Mtaalamu akatoka, kijana tu, kanawa mikono bado inachuruzika. Akasema kipande cha figo kilichobaki salama pembeni ya uvimbe ni cha figo ya mtu mzima kwa ukubwa, alitakiwa aone hilo tangu mwanzo, ila macho yalishasoma umri kwenye fomu. Ametazama tena vipande vyote. Uvimbe ni ule ule aliouandika. Hajakosea ugonjwa, alikosea mtu.

"Jina lako kamili?"

"Tabitha Pazi. Miaka ishirini na sita. Andika mbele yangu."

Akaandika. Watu wa Kibaha tunajulikana kwa kupigania viwanja. Mimi nilipigania kansa, nikashinda, nikapewa hati. Nilitoka nje na Neema tukakaa kwenye ukingo wa mtaro, tukalia kwa zamu, mmoja akilia mwenzake anashika karatasi isilowe.

Yohana aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena. Akaenda chumbani akarudi na kalamu yangu ya wino mzito, akaanza kuandika TABITHA PAZI kwenye chupa ya chai, kwenye mfuniko wa bakuli la chakula, kwenye pindo la shuka ya hospitali, kwenye kandambili zote mbili. Hakuomba msamaha kwa mdomo. Mpaka leo tunakunywa chai kwenye jina langu.

Wodi ya watu wazima hawakuwa na utaratibu wa dawa za ugonjwa ule. Wodi ya watoto walisema nimepita umri kwa miaka mingi. Nilipelekwa na kurudishwa mara tatu mpaka Dokta Salome akatoka mwenyewe, akaburuta kiti akakiweka chini ya twiga. "Utakaa hapa kila Jumanne," akasema. "Atakayeuliza, mwelekeze kwangu."

Kiti kilikuwa cha mtoto, magoti yanagusa kidevu. Siku ya kwanza alinijia binti wa miaka sita, Mwajuma, hana unywele hata mmoja, anaburuta chuma cha dripu kama mwenye nyumba.

"Anti, wewe mtoto wa nani?"

"Wa bibi mmoja wa Kisarawe."

"Mbona mkubwa?"

"Nilichelewa."

Akafikiri. "Ikija ile nyekundu usiitazame. Tazama twiga. Na ukienda kukojoa mkojo utakuwa mwekundu, usipige kelele, ni dawa."

Hakuna mkubwa aliyekuwa amenieleza hilo. Mwajuma peke yake.

Nilianza wakati wa baridi. Nywele ziliondoka wiki ya tatu, zikabaki kwenye mto kama paka amelala pale. Nyusi zikafuata. Doreen alinipapasa kichwa akasema, "Mama mpira," na hilo likawa jina langu mwezi mzima. Nilimruhusu yeye tu. Taya liliuma mpaka nikawa natafuna ugali kama mzee. Choo kilifunga siku sita. Usione aibu, mwambie nesi siku ya pili, usingoje ya sita kama mimi. Halafu vidole vikafa ganzi. Nilishindwa kumfunga mwanangu kifungo. Nilishindwa kushika kalamu, mimi wa mizani. Miguu nayo: natembea kwenda dukani, nafika, natazama chini, kandambili moja haipo. Imevuka mguuni nyuma huko nami sina habari. Nimerudi njia ile mara ngapi kuitafuta, na kwa kuwa ina jina, watoto wa jirani walikuwa wananiletea.

Wakati wa korosho sikuweza kwenda Kisarawe kuokota. Mama aliokota peke yake, akabangua, akaniletea kwenye bahasha na kunihesabia nile mbele yake. Mvua za vuli zilinikuta kwenye kiti kile kile. Kuna Jumanne niliondoa mkono nikasema sitaki tena, na Mwajuma akanitazama kwa dharau kubwa sana. Nikaurudisha mkono. Dripu ya mwisho niliipata maembe yameshakwisha sokoni. Mwajuma alimaliza kabla yangu, yuko darasa la kwanza, ana nywele.

Sijaambiwa nimepona. Wanasema "kwa sasa". Kipimo cha kwanza baada ya dawa kilikuwa kisafi, cha pili, masika haya, kisafi. Ganzi ya miguuni ipo. Nimerudi mizani nusu siku. Wanaonitaka nitoe ushuhuda wa muujiza nimewaambia namshukuru Mungu, ila wao waende kwanza wakaulize kama kwenye faili zao wameandikwa wao.

Siku ya majibu ya kipimo cha pili, daktari aliyenipasua alinifuata mwenyewe kwenye benchi. Alikaa pembeni yangu, jambo ambalo hawalifanyi.

"Nilikosea," akasema. "Nina wanafunzi wa udaktari. Nataka wakuone."

"Kitandani, nguo juu, mkinisema kwa Kiingereza?"

"Unavyotaka wewe."

"Basi kwenye kiti, nimevaa. Na waniulize mimi, wasikuulize wewe."

Walikuwa kumi na kitu, makoti mapya yana mikunjo ya dukani. Daktari akawasomea mambo yangu, mkojo, uvimbe, figo ya kushoto, akawauliza ni ugonjwa gani. Binti wa mbele akataja ule wa kawaida wa watu wazima. Siyo. Mwingine akataja mwingine. Siyo. Nyuma, kwa sauti ndogo, mtu akataja wa kwangu, na kijana mrefu aliyekuwa mbele yake akageuka akacheka.

"Huo wa watoto, ndugu yangu. Kwa mtu mzima kama huyu haupo."

Daktari akatazama viatu vyake. Nikajua ananiachia.

"Wewe mrefu," nikasema. "Sogea."

Akasogea, tabasamu bado lipo nusu.

"Mimi ndiye mgonjwa wako, na umesema ugonjwa wangu haupo. Sasa unanipeleka wapi? Nyumbani?"

Tabasamu likaondoka. Akamtazama daktari, daktari hakumsaidia.

"Sijui, mama," akasema.

"Vizuri. Usipojua, unauliza. Haya, niulize."

"Nikuulize nini?"

"Anzia juu ya fomu."

Akatoa kalamu mfukoni, akatafuta mahali pa kuandikia, akaona kiti kitupu karibu yangu. Akakaa.

"Unaitwa nani?" akasema.